Dola yenye ukingo mtupu: 600 au 45?

SWALI: Nilipokuwa Minneapolis nilirudishiwa kwenye chenji sarafu ya dola moja ya Marekani yenye sura ya George Washington. Ukingo wake ni mtupu, hauna herufi hata moja, na mwaka siuoni popote. Tena nikiigeuza, ile Sanamu ya Uhuru ya nyuma inakaa kichwa chini miguu juu. Mtandaoni kuna anayeiuza dola 600 na kuna anayeiuza 45. Ninayo pia shilingi 20 ya Kenya ya 2018, ile ya tembo, ambayo pande zake mbili hazilingani. Hiyo sijaiona ikiuzwa mahali popote, na jamaa yangu anasema kwa kuwa ndiyo kwanza imegunduliwa, ina thamani kuliko dola. Ipi adimu, na bei yake inapimwaje? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Ndugu msomaji, hilo la kichwa chini lifute kabisa. Sarafu za Marekani hufuliwa hivyo makusudi. Ishike juu na chini kwa vidole viwili, uizungushe kama unavyofunua ukurasa: ya Marekani lazima ionekane imepinduka, ya Kenya, Tanzania au Uingereza lazima ibaki wima. Watu wengi wa kwetu wanaorudi na senti za Marekani mfukoni hudhani wameokota kasoro, na wapo wauzaji wanaoishi kwa kosa hilo.

Ukingo mtupu ni jambo jingine. Dola za Washington zilianza kutoka tarehe 15 Februari 2007. Dai mbili, yaani mihuri ya chuma inayobana kisahani cha madini juu na chini, zilipiga sura na Sanamu kwa pigo moja. Maandishi ya ukingoni (mwaka, herufi ya kiwanda, na kaulimbiu mbili za taifa) yaliwekwa baadaye na mashine nyingine. Kwa hiyo sarafu iliyoruka mashine ya pili hutoka nzima usoni na nyuma, ila haina mwaka. Ndiyo sababu huuoni: haukufutika, haukuwahi kuwekwa.

Sasa tazama bei ilivyokwenda. Moja ya zile za mwanzo kuonekana iliuzwa mtandaoni kwa dola 600 na kitu. Kabla Machi haijaisha, zilikuwa zikienda kwa dola 40 hadi 60. Sarafu yenyewe haikubadilika hata chembe; kilichobadilika ni hesabu. Watu walivunja mabunda ya benki wakazikuta kwa mamia, na makisio yakafika 50,000 au zaidi. Anayeandika 600 leo anaomba bei ya wiki ile moja, na kuomba hakukatazwi.

Hapa ndipo jamaa yako anapokosea. Idadi inayojulikana ya kasoro mpya huongezeka tu, haipungui. Siku ya kwanza kila kasoro ni moja duniani. Swali la kujiuliza ni: kosa lilitokea katika hatua gani, na kabla ya kugunduliwa zilipita ngapi? Mashine ikirukwa na kasha zima, tarajia maelfu. Dai isiyo yake ikifungwa, inategemea imefanya kazi kwa muda gani. Senti 20 za Uingereza zisizo na mwaka zilitokana na dai ya zamani ya upande wa Malkia kuunganishwa na dai mpya ya nyuma ya mwaka 2008. Kiwanda chao kilikadiria hazizidi 250,000, na bei ikatulia kwenye makumi ya pauni, si maelfu. Kwa upande wa pili ipo sarafu ya Marekani ya mwaka 2000 yenye uso wa robo dola na nyuma ya dola ya Sacagawea, aina nyingine ya sarafu ya dola moja. Ya kwanza ilipatikana jimbo la Arkansas ndani ya bunda, ikauzwa mwaka huohuo kwa dola 29,900. Zaidi ya miaka 20 baadaye zinazojulikana hazijafika 25, na kuna zilizovuka dola 100,000. Kosa lilionekana mapema, na nyingi zilizuiwa zisitoke. Bei ya siku ya kwanza ilikuwa ndogo kuliko ya baadaye, kinyume kabisa na dola yako.

Kabla ya kuhesabu hata hizo 45, hakikisha ukingo haukusagwa. Hii ndiyo ghushi rahisi kuliko zote: mtu anachukua dola ya kawaida, anaifunga kwenye mashine ya kukereza, anaondoa herufi. Chukua mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01. Dola hii ina gramu 8.1, ikipungua kwa zaidi ya 0.3, ishuku. Pima kipenyo kwa venia (kipimo cha kubana) mara tatu, kila mara ukiizungusha kidogo: 26.5 mm. Iliyosagwa husoma pungufu, au husoma tofauti kila upande kwa kuwa mkono haukukaa sawa. Kisha shika lenzi ya kukuza mara 10, uinamishe ukingo karibu na taa na kuuzungusha taratibu duara lote. Wa kiwandani ni laini, na rangi yake imezeeka sawasawa na pande nyingine. Uliosagwa una mikwaruzo myembamba inayokimbilia upande mmoja, na ule mdomo ulioinuka kuzunguka sura huwa umekonda. Ukikuta kivuli cha herufi hata tatu, basi mashine ilizigusa kwa nguvu ndogo tu. Hiyo ni kasoro nyingine na bei yake ni nyingine.

Na ukikutana na mtu anayeuza dola ya namna hii kwa hoja kwamba maandishi ya ukingoni yamepinduka, mwachie. Sarafu ziliingia mashine hiyo bila kupangwa, zingine sura juu, zingine sura chini, kwa hiyo karibu nusu ziko hivyo.

Tuje kwenye tembo. Pande kutolingana hutokea dai moja inapolegea na kuzunguka kwenye kiti chake. Pima kwanza ni kwa nyuzi (digrii) ngapi. Weka sarafu mezani tembo akiwa wima kabisa, igeuze kama ukurasa, kisha linganisha nembo na uso wa saa: kila nafasi ya dakika tano ni nyuzi 30. Ikiwa ni chini ya nyuzi 15, itumie kwa nauli. Mkengeuko mdogo hivyo ni jambo la kawaida viwandani na wakusanyaji hawaugusi. Kuanzia 45 inaanza kuvutia. 90 na 180 ndizo zinazotafutwa.

Lakini shilingi 20 ina kiini na pete, na hapa kuna mtego. Kiini na pete hupigwa pamoja na dai ileile. Ikiwa kiini kimezunguka peke yake ndani ya pete, au kinacheza ukikisukuma kwa kidole gumba, basi kilitoka na kurudishwa baada ya sarafu kuondoka kiwandani. Huo ni uharibifu, hauna bei.

Tuseme umepata nyuzi 90 na kiini kimeshika. Huenda sarafu yako ni adimu kuliko dola mara nyingi. Bei, hata hivyo, hupandishwa na foleni ya wanaoitaka. Dola za marais, mfululizo wenye hii yako ya Washington, zina wakusanyaji wengi Marekani, wengine wakitaka kila aina ya kasoro ya mfululizo huo. Wanaokusanya kasoro za shilingi ya Kenya ni wachache na hawana orodha ya bei wanayokubaliana. Kwa hiyo atakayekutajia mamilioni hana pa kuyatoa, na atakayekupa shilingi 20 nyingine abadilishane nawe anakupunja.

Kuhusu kuuza: dola iuze kama ilivyo, kwa picha za pande mbili, ukingo katika robo nne, na moja ikiwa juu ya mizani. Linganisha na bei zilizokwisha kulipwa, si zinazoombwa. Kuipeleka PCGS au NGC, kampuni za Marekani za kuthibitisha sarafu, kutoka Nairobi hakulipi. Ada na posta ya kwenda na kurudi vitaimeza hiyo 45 yote. Usiisafishe kwa Brasso wala ndimu: shaba-manganizi iliyoifunika dola hii hubadilika rangi upesi, na mnunuzi akiona inang'aa kama kijiko kipya anaondoka. Tembo mtie kwenye kifuko kisicho cha plastiki ya PVC, uandike nje nyuzi ulizopima na tarehe uliyoipata, kisha pitia mabunda ya shilingi 20 ya mwaka huohuo ukiyapata benki. Ukikuta ya pili yenye pembe ileile, ujue dai ililegea kweli, na uchunguze chenji ya dukani kwako kwa miezi michache kabla ya kumtajia mtu bei.