Kuishusha sauti kwenye tundu la tatu la harmonika

Ndugu yangu wa Bagamoyo, umeeleza kwamba wimbo unaojifunza kwa harmonika (kinanda kidogo cha mdomo) ya matundu 10, ya ufunguo wa C, unakukwamisha pale noti ya A ya chini inapotakiwa, na kwamba kila ukivuta pumzi kwa nguvu unasikia mkwaruzo tu.

Nguvu ndiyo inayokuponza. Harmonika hiyo haina A ya moja kwa moja katika oktavu (ngazi ya noti nane) ya chini. Inapatikana kwa kuvuta tundu la tatu, linalotoa B, kisha kuishusha sauti kwa umbo la kinywa. Tamka "ii" huku ukivuta taratibu, halafu uelekee "uu", ulimi ukirudi nyuma na taya likilegea, wala usiongeze pumzi hata kidogo. Anza na tundu la nne, ambalo hushuka nusu sauti tu (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili), kwani tundu la tatu hushuka hadi nusu sauti tatu na A iko katikati, kwa hiyo ni rahisi kuipita. Mwombe mwanafunzi wa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) mwenye kinanda akushikilie A hiyo, nawe uiimbe kwanza kabla ya kuitafuta.

Kipande kigumu cha wimbo kipige polepole mno, peke yake, mpaka sauti itulie.

Kama mwili wa harmonika yako ni wa mbao, usiuloweke majini, maana utavimba. Baada ya kupiga, kigongegonge chombo hicho kiganjani, matundu yakiangalia chini, ukiache kikauke kabla ya kukifungia kwenye kijaluba chake.