Nyoka wangu mdogo hataki kula

SWALI: Shikamoo. Nina chatu mchanga, wa aina ile inayojiviringisha kama mpira ikiogopa. Nimekaa naye wiki tatu na hajatia kitu tumboni. Kila siku namtoa, namshikashika kidogo azoee, kisha namsogezea kitoto cha panya puani. Anaficha kichwa tu. Jana nilitaka kumfungua kinywa kwa nguvu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kinywa hicho usikifungue. Utamjeruhi, na hofu utaizidisha.

Tatizo umelitaja mwenyewe: "kila siku namtoa." Chatu wa umri huo ni windo la wanyama wengi, na kila kinachomnyanyua anakiona adui. Anayeogopa kuliwa hawezi kula. Wangu wa kwanza alikaa wiki tano bila kula, nami kwa uchungu nikawa namfunulia kasha asubuhi, mchana na usiku. Mwishowe nilifunika kioo kwa shuka pande tatu, nikamwacha siku saba bila kumgusa, maji tu nikibadilisha. Usiku wa nane alikula. Bado nakumbuka ule uvimbe katikati ya mwili wake.

Basi nawe mpe wiki nzima ya faragha. Mwekee maficho mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa ubaridi, yawe finyu kiasi kwamba akijikunja ubavu unagusa ukuta. Joto lipime kwa kipimajoto pale chini anapolalia, usitumie kiganja: nyuzi 31 au 32 upande mmoja, 26 hivi upande wa pili. Nyoka mwenye baridi hasagi chakula, kwa hiyo hakitaki.

Mtazame macho pia. Yakiwa na ukungu wa samawati, anakaribia kujivua gamba, subiri amalize. Na kama ndiyo kwanza ametoka yaini na hajajivua hata mara moja, bado anaishi kwa kiini cha yai.

Sasa panya. Unene wake usizidi sehemu nene kabisa ya mwili wa chatu. Aliyegandishwa mwache ayeyuke ndani ya friji, kisha mtie kwenye mfuko wa plastiki na kuuzamisha katika maji ya moto mpaka awe na joto la mwili, nyuzi 38 hivi. Hapa ndipo wengi hukosea. Chatu huyu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto, na panya baridi kwake ni kama jiwe. Mshike panya kwa koleo refu, jioni, taa ikiwa hafifu, umpitishe polepole mbele ya maficho. Ulimi utatoka taratibu, shingo itajikunja kama herufi S, kichwa kitatulia tuli. Hapo mkono wako usitikisike. Akikataa, mwache panya mlangoni pa maficho mpaka asubuhi, umwondoe, usijaribu tena kabla ya siku tano.

Mpime kwenye mzani wa jikoni kila wiki. Uzito ukishuka kwa sehemu ya kumi, au ukiona mapovu mdomoni, au anahema kinywa wazi, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua nyoka.

Na akila, usimshike kwa siku mbili, maana akibughudhiwa anaweza kumtapika panya wote.