Dawa imebadilishwa, na mke wangu amenyamaza

Swali

Sista, habari ya kazi. Mimi ni mkazi wa Ahero. Mke wangu ana miaka 44. Mwaka 2023 alipatikana na saratani ya titi, akawekewa ile dripu nyekundu mara nne na nyingine mara nne, kisha akafanyiwa upasuaji. Tulimshukuru Mungu tukajua yamekwisha. Juzi alianza kusikia maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, na skani ikaonyesha uvimbe kwenye ini. Daktari anasema saratani imerudi na imesonga mbele. Wiki ijayo ataanza vidonge vya kapesitabini, vitatu asubuhi na vitatu jioni kwa wiki mbili, halafu apumzike wiki moja. Ikiwa kemo ya kwanza ilishindwa, hii nyingine itafanya nini? Na mbona ni vidonge, au wamekata tamaa? Tena mke wangu anauza samaki wa kukaanga pale stejini. Nimemwambia afunge kibanda, akanikasirikia. Sasa amenyamaza tu. Nimsaidieje?

Jibu

Ndugu yangu wa Ahero, pole sana, na umfikishie mama pole zangu. Nimekuwa muuguzi katika kliniki ya saratani hapa Kisumu kwa muda mrefu, na nimeona kwamba habari ya pili huuma kuliko ya kwanza. Mara ya kwanza mtu hajui anakokwenda. Sasa mke wako anaijua harufu ya wodi, anajua kutapika mpaka nyongo, anaikumbuka asubuhi ile nywele zilipobaki kwenye mto. Kunyamaza kwake nitakurudia baadaye. Kwanza dawa.

Wewe na mimi tumekulia kando ya ziwa, kwa hivyo chukua mfano wa malaria. Utotoni tulipewa klorokwini, mtu akajikuna usiku kucha. Ilitibu miaka mingi, kisha watoto wakawa wanaimeza na homa inabaki palepale. Mwaka 1998 Kenya ikaiacha na kuhamia Fansidar. Fansidar nayo ikachoka, na 2004 ikaamuliwa twende kwenye AL, hii tunayopewa mpaka leo. Hakuna aliyesema wale watoto walikuwa wadhaifu. Vimelea vilivyoivumilia dawa ndivyo vilivyobaki na kuzaana, ikabidi itafutwe dawa ya kuvipiga mahali pengine.

Saratani hufanya hivyo ndani ya mwili mmoja. Seli zake hazifanani zote. Kemo ya kwanza iliua nyingi, chache zikaiponyoka, na hizo ndizo zilizoota kwenye ini. Ikiwa dripu yake ya pili ilikuwa paklitakseli au dositakseli, kama ilivyo desturi, hiyo huzikaza nyuzi za ndani ya seli ili ishindwe kugawanyika. Kapesitabini hupitia mlango mwingine. Mwili huigeuza kuwa fluorourasili, dawa ya dripu inayojulikana tangu miaka ya 1950, ambayo huivuruga seli inapojaribu kunakili DNA yake. Hatua ya mwisho ya mageuzi hayo hufanyika zaidi ndani ya uvimbe wenyewe, kwa kuwa kimeng'enya kinachohitajika ni kingi huko. Basi hivyo vidonge ni kemo kamili. Hakuna aliyekata tamaa kwa kumwandikia. Na mwambie mama jambo moja ambalo pengine anaogopa kuuliza: kwa dawa hii, kwa kawaida nywele hazinyonyoki zote kama mara ile.

Sitakuficha hili lingine. Saratani ya titi ikishafika kwenye ini, mara nyingi dawa hutolewa ili kuibana, uvimbe usinyae au usimame, maumivu yapungue, apate muda mzuri. Kuing'oa kabisa ni nadra. Wako wanaokaa na dawa hii miezi michache, wako wanaokaa nayo zaidi ya mwaka, na hakuna anayeweza kukuambia leo mke wako ataangukia wapi. Kwa hivyo kabla hajameza kidonge cha kwanza, kaeni wote wawili mbele ya daktari muulize: tunatafuta nini na dawa hii? Tutajua lini kama inafanya kazi, na kwa kipimo gani? Kwa kawaida skani hurudiwa baada ya mizunguko kadhaa, yaani zile wiki mbili za vidonge na moja ya mapumziko ni mzunguko mmoja. Ulizeni pia majibu ya homoni na ya HER2 (protini iliyo juu ya baadhi ya seli za saratani) yalisemaje mwaka 2023, na kama kuna haja ya kuchukua kinyama kutoka kwenye ini, kwa maana uvimbe uliorudi huweza kuwa na tabia tofauti na ule wa kwanza, na kuna dawa nyingine zinazotegemea majibu hayo. Ukiuliza haya, hujamkosea daktari heshima.

Sasa nikuambie jambo ambalo ningekuomba ulishike hata ukisahau mengine yote. Dawa hii anaimezea nyumbani. Wakati wa dripu kulikuwa na sisi wauguzi tukimtazama, tukimpima, tukiizima ikibidi. Safari hii mwenye kutazama ni wewe. Na kosa kubwa ninaloliona kwa wagonjwa wa kapesitabini ni uaminifu. Mtu anaharisha, mdomo umechubuka, hawezi kula, lakini anameza tu kwa sababu anaogopa akiruka kidonge saratani itapata nafasi. Nimewapokea mama wa namna hiyo wakiwa wamebebwa. Kuvisimamisha vidonge siku chache kwa wakati wake hakuharibu matibabu. Ni sehemu ya matibabu. Akipata nafuu, daktari humrudisha, pengine kwa kipimo kidogo, na vile alivyoruka havifidiwi.

Avisimamishe lini? Akienda choo mara nne zaidi ya kawaida yake kwa siku, au akianza kuamshwa na kuhara usiku. Akitapika zaidi ya mara moja kwa siku. Mdomo ukichubuka hadi chakula kimshinde. Akisikia maumivu ya kifua, hapo msingoje hata kupiga simu, nendeni hospitali, maana dawa hii mara chache hubana mishipa ya moyo. Na mambo haya yakimjia kwa ukali katika siku za mwanzo kabisa, fanyeni haraka zaidi, kwa sababu wapo watu wachache ambao miili yao haiwezi kuivunja dawa hii na inawalundikia. Maji ya ORS yawepo nyumbani kabla ya siku ya kwanza. Dawa za kufunga tumbo, tupigieni simu kwanza.

Halafu homa. Hapa kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na mazoea hayo yanaua wagonjwa wa kemo. Bwana mmoja alimnunulia mkewe AL na Panadol pale kwa kemisti, homa ikashuka, akafurahi. Panadol ndiyo iliyoificha. Siku mbili baadaye alipomleta, chembe nyeupe za damu zilikuwa zimekwisha na maambukizi yameshaingia kwenye damu. Kapesitabini ikitumiwa peke yake huangusha chembe hizo kidogo kuliko ile dripu nyekundu, lakini sheria haibadiliki. Nunua kipimajoto. Kikisoma 38 au zaidi, mpeleke saa hiyohiyo, iwe ni saa nane za usiku, na neno la kwanza mlangoni liwe "anatumia kemo". Aonekane kabla ya foleni, apimwe hemogramu, yaani hesabu ya chembe za damu, pamoja na malaria. Usimpe Panadol kabla ya kumpima joto. Na panga mapema na mtu wa gari au wa boda unayemwamini, umwambie wazi kwamba unaweza kumpigia usiku.

Nije kwenye mikono, na hapa ndipo swali lako la kibanda linapoingia. Dawa hii huweza kuumiza ngozi ya viganja na nyayo. Kwenye ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu. Utaona viganja vinakuwa vyeusi zaidi, mistari ya mkono inakolea kama imechorwa kwa kalamu. Hilo peke yake halina shida. Akianza kusema vidole vinamchomachoma, au anashindwa kushika kikombe cha chai, au ngozi inavimba na kubanduka, ni wakati wa kusimamisha na kutuita. Joto na msuguano ndivyo vinavyoichochea: maji moto, mwiko wa ugali, jembe, kufua kwa mkono, viatu vya kubana. Ajipake mafuta mazito kama vaselini, au krimu yenye urea, asubuhi na usiku kuanzia siku ya kwanza. Ukimpaka nyayo wewe mwenyewe jioni utaona mabadiliko kabla yeye hajayasema, na ni dakika kumi za kukaa pamoja bila kuzungumzia hospitali.

Tena alama za vidole huweza kufifia kabisa. Nimemwona mama dirishani akibonyeza kidole kwenye mashine mara tano, inamkataa, na nyuma yake watu wananung'unika. Mwombe daktari barua fupi inayosema anatumia kapesitabini na alama zake zinaweza kufutika, muitembeze pamoja na kitambulisho. Mkiwa huko kwenye dawati la SHA, bima ya afya ya serikali, ulizeni kiasi kilichobaki kwenye fungu la saratani. Fungu hilo lina kikomo kwa kila familia kwa mwaka, na skani pia huweza kulila. Ni afadhali mjue sasa kuliko katikati ya mzunguko wa tatu.

Mengine kwa ufupi. Vidonge avimeze ndani ya nusu saa baada ya chakula, kwa maji, vizima bila kusagwa, saa kumi na mbili zikipita kati ya asubuhi na jioni. Akisahau, asiongeze maradufu. Wewe ukivigusa nawa mikono, na watoto wasivifikie. Mimba isiingie wakati wa dawa na kwa miezi sita baadaye. Tumieni kondomu, wala msione aibu kutuuliza juu ya tendo la ndoa, kwani si marufuku. Kama anatumia warfarini au dawa ya kifafa ya fenitoini, daktari lazima ajue kabla hajaanza. Vidonge vya foliki, vile vya akina mama wajawazito ambavyo jamaa hununua "kuongeza damu", huiongezea kapesitabini sumu. Na mwarobaini na michanganyiko ya chupa: najua shangazi watakuja nayo, na wanakuja kwa upendo. Ini lake tayari lina kazi kubwa. Mimi ningewaomba waiweke kando, walete badala yake kuku na mboga za kienyeji.

Sasa huko kunyamaza. Siku moja kliniki alikuja mume aliyemjibia mkewe kila swali. Nikiuliza maumivu yako wapi, mume ajibu. Nikiuliza analalaje, mume ajibu. Alikuwa mtu mwema, hajawahi kukosa kliniki hata moja. Nikamtuma akatuletee chai. Alipotoka tu yule mama akaniambia, "Sista, mimi sijaogopa kufa, naogopa kwamba nikilia yeye ataanguka." Miezi minne wamelala kitanda kimoja, na hilo halijasemwa.

Sijui mke wako ana nini moyoni, na wewe pia hujui mpaka umuulize, tena swali ambalo huna jibu lake mfukoni. "Unaionaje hii dawa mpya?" kisha unyamaze. Akisema amechoka, usirukie "usiseme hivyo, Mungu atatenda." Mungu atatenda, lakini neno hilo likitoka haraka humfungia mlango. Mwambie na wewe unaogopa. Muulize ni kitu gani asingependa dawa imnyang'anye. Kama atasema hataki kemo tena, hiyo ni haki yake, na bado yapo mengi ya kumfanyia. Kliniki ya kutuliza maumivu iko kwa ajili ya mtu anayetumia dawa na asiyetumia. Maumivu ya ini yanatulizwa vizuri, hata kwa mofini ya maji, kwa hivyo asiyavumilie eti mpaka yazidi. Na wewe tafuta ndugu mmoja wa kukupokea usiku mmoja kwa wiki ulale.

Kuhusu kibanda, nadhani ulimwambia afunge kwa kumhurumia, naye akasikia kwamba umeshamzika. Pale stejini yeye ni mama wa samaki, wateja wanamwita, anahesabu pesa zake. Nyumbani ni mgonjwa. Mrudie umwombe radhi, kisha mpange upya: mtu mwingine asimame kwenye karai la mafuta na aparue magamba, maana miiba huchana ngozi na ngozi yake sasa inapaswa kulindwa. Mama akae kwenye kivuli, viatu vya wazi miguuni, apokee pesa na kuzungumza na wateja. Wiki ya vidonge akichoka, arudi nyumbani saa sita. Na ile wiki ya mapumziko mwulize asubuhi kama angependa kwenda, umbebee kiti chake.