Akikosa hesabu, anachana daftari

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Darasa la Tatu huku Tanga. Nina kijana, akikosa hesabu moja tu anachana daftari na kujificha chini ya dawati. Nimtoe nje? – Mwalimu mgeni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimtoe, na fimbo usiiguse. Hasira zikimpanda hivyo, maneno hayamwingii. Chuchumaa karibu naye, sema machache, kwa sauti ya chini. Avute pumzi kwa pua, aitoe kwa mdomo polepole zaidi ya alivyoivuta. Mapigo ya moyo hupungua. Kisha mpe kazi ndogo ya mikono, kama kufuta ubao, azidi kutulia. Akitulia ndipo mzungumze, na umuulize pembeni kama alikunywa uji asubuhi. Wengine ni njaa tu! Kalamu nyekundu nayo ipumzishe: msahihishie kwa penseli, afute, ajaribu tena.