Maswali ya Wasomaji: Amri ya vi haipatikani baada ya kusakinisha Vim upya

SWALI: Ninatumia Debian, mfumo wa Linux. Zamani nilijijengea Vim, kihariri cha maandishi, kutoka msimbo chanzo katika /usr/local/bin, nikaichagua kwa update-alternatives (zana ya kuchagua programu itakayoitikia amri fulani) iitikie amri za vi na editor. Juzi nilisakinisha Vim ya kifurushi cha kawaida, kisha nikaifuta ile ya zamani. Sasa amri zote mbili hazipatikani, ilhali vim.basic, yaani Vim ya kifurushi hicho, inafunguka vizuri. Je, nisakinishe kila kitu tena?

JIBU: Hakuna haja, kwa sababu programu yako ni nzima na kilichokatika ni viungo tu, yaani faili zinazoelekeza kwenye faili nyingine. Katika Debian na Ubuntu, /usr/bin/vi ni kiungo kinachoelekea /etc/alternatives/vi, na hicho nacho huelekea programu yenyewe, ambayo kwa kawaida ni /usr/bin/vim.basic. Andika ls -l /etc/alternatives/vi, nawe utaona mshale ungali unaelekea /usr/local/bin/vim, faili uliyokwisha kuifuta. Ulipoichagua mwenyewe, mfumo uliacha kujichagulia, na kifurushi kipya kilipoingia kiliheshimu uamuzi wako, jambo ambalo kwa maoni yangu ni sahihi kabisa.

Wengi hukimbilia kuunda kiungo kipya kwa ln -s. Nakusihi usifanye hivyo, kwani update-alternatives ina kumbukumbu zake katika /var/lib/dpkg/alternatives, na kiungo kisichoafikiana nazo huzaa matatizo mengine baadaye. Tumia sudo update-alternatives --auto vi, ambayo huchagua programu yenye kipaumbele cha juu kati ya zilizopo. Usishtuke ukipata onyo kwamba /usr/local/bin/vim haipo na inaondolewa kwenye orodha. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kwa editor, hata hivyo, usitumie --auto bila kufikiri: nano, kihariri kingine, imesajiliwa kwa kipaumbele cha 40 na vim.basic kwa 30, kwa hiyo nano ikiwapo ndiyo itakayoshinda. Andika sudo update-alternatives --set editor /usr/bin/vim.basic.

Iwapo terminali iliyokuwa wazi tangu awali bado inaitafuta /usr/local/bin/vim, ni kwa kuwa bash, programu inayopokea amri zako, hukumbuka njia za amri ilizowahi kuziendesha. Amri ya hash -r huifuta kumbukumbu hiyo. Na ikiwa crontab -e, amri ya kuhariri ratiba ya kazi za kujiendesha, itaendelea kufungua kihariri kingine, kagua vigezo vya VISUAL na EDITOR, kisha faili ya .selected_editor katika folda yako ya nyumbani, maana hivyo hutazamwa kabla ya kiungo cha editor.