Kuitazama Girl, Interrupted na mdogo wako aliyetoka wodini

Dada mleta mada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama uitazame filamu ya Girl, Interrupted na mdogo wako aliyetoka wodi ya akili juzi juzi. Nami nimeuguza mdogo wangu miezi minne, na nakwambia: itazame kwanza peke yako.

Mimi nilikosea. Tulikaa sofani, bakuli la karanga katikati, hadi pale Lisa, mmoja wa wagonjwa kwenye filamu, anapomsema mwenzake Daisy maneno ya kumchoma kuhusu baba yake, na asubuhi Daisy anakutwa amejiua. Mdogo wangu hakulia. Karanga aliyoishika aliirudisha bakulini taratibu, akaenda kulala. Siku tatu hakunisemesha.

Filamu yenyewe nzuri, tena ina ukweli ndani. Ni ya 1999, ya James Mangold, imetokana na kitabu cha maisha ya Susanna Kaysen, aliyelazwa hospitali ya McLean, Massachusetts, mwaka 1967 akiwa na miaka 18. Wengi wanamsifia Angelina Jolie, na Oscar aliipata kwa haki kama Lisa. Ila anayenigusa mimi ni Valerie, nesi aliyechezwa na Whoopi Goldberg. Anamtumbukiza Susanna kwenye maji ya baridi, anamwambia ukweli usoni, na bado hamtupi. Wodini kwetu alikuwepo mama mmoja wa namna hiyo. Alikuja na kitana, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamsuka mdogo wangu twende kilioni. Akifika mstari wa mwisho ndipo anauliza, "Mwanangu, dawa umemeza?" Kwa wengine alizitema. Kwa yule mama alimeza.

Na ule mlango unaofunguliwa kila mara kuhakikisha mgonjwa yupo, wamepatia kabisa. Mdogo wangu alisema, "Hata usingizini unajua unahesabiwa."

Filamu inaponiacha njaa ni mwisho. Susanna anapanda teksi, basi. Kwetu kazi ilianzia hapo: mfuko wa dawa, tarehe za kliniki, majirani wanaosema anajidekeza, shangazi anayetaka tumpeleke kwa mganga.

Baada ya miezi mitano mdogo wangu aliiomba filamu mwenyewe. Nikampa rimoti. Sehemu ya Daisy akairuka. Akaenda pale wasichana wanapoingia usiku ofisini kwa daktari kusoma mafaili yao, Susanna akaona walichomwandikia. Akairudia mara mbili, kisha akasema, "Dada, mimi langu sijawahi kulisoma."

Kliniki iliyofuata nikamwomba daktari. Akaligeuza faili upande wa mdogo wangu, akasogeza kiti, wakasoma pamoja mstari kwa mstari. Kila neno asilolielewa aliliuliza. Tulitoka saa nane mchana, na njia nzima ndani ya daladala alikuwa ananieleza mimi.