Kwa wanaoanza kazi ya kutisha watu msimu wa Halloween

Ikifika Agosti, majumba ya kutisha ya huku Marekani, yale ambayo watu hulipa kuingia ili washtuliwe gizani, huanza kutafuta waigizaji, na siku hizi naona Waswahili wenzangu nao wanaulizia. Msimu ni mfupi, kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Halloween yenyewe, tarehe 31 Oktoba, pengine na wikiendi moja ya nyongeza. Malipo ya saa si ya kutambia, na baadhi ya majumba huendeshwa na watu wa kujitolea, kwa hiyo ulizia mapema. Kama umekuja kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, pitia kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni. Kufanya kazi nje ya chuo bila kibali kutakugharimu kuliko hizo dola za Oktoba.

Wengi wanaingia wakidhani kazi ni kupiga kelele. Kazi ni kusogeza watu. Makundi yanaingia yakifuatana, na ukilishtua kundi kwa mbele, wa kwanza anarudi kinyumenyume, wote wanagandana, kisha kundi la nyuma linawakuta na kushuhudia kila kitu kabla ya zamu yao. Waache wapite kidogo, uwatokee kwa ubavuni au nyuma, wakimbilie mbele wenyewe.

Chukua mfano wa ujia mwembamba wenye mwanasesere kitini upande wa kushoto, taa hafifu ikimmulika. Macho yote yatamwendea yeye. Wewe uko kulia, nyuma ya kidirisha cha mbao. Wa kwanza mwache, huyo kashajiandaa. Ngoja yule aliyeng'ang'ania shati la mwenzake, mara nyingi ni wa pili au wa tatu. Kidirisha chini, kishindo, uso, neno moja, umerudi gizani. Ukizubaa hapo, wewe si jini tena, ni kijana aliyepakwa rangi.

Sauti itunze. Anayefoka tangu saa moja jioni, saa nne hana kitu. Itoe tumboni, kunywa maji mara kwa mara, na kelele nyingine ziachie bati, mlango na fimbo. Vaa vizibo vya masikio kama umepangwa karibu na spika au mizinga ya hewa, ile mitambo inayofyatua hewa kwa kishindo.

Lugha yetu nayo ni mtaji. Nilipopewa nafasi ya mchawi, msimamizi alitaka niongee lugha ya kwetu, basi nikawa natangaza bei za sokoni kwa sauti nzito: nyanya mia tano, vitunguu buku! Watu walitimua mbio. Usiku mmoja akapita kaka mmoja, akasimama: "Punguza basi, dada." Nikamwambia haipungui. Wenzake, ambao hawakuelewa kitu, wakazidi kukimbia.

Sehemu nyingi hairuhusiwi kumgusa mteja, na hata pale panaporuhusiwa, mimi ningekushauri usiguse. Mtu aliyeshtuka hurusha ngumi bila kukusudia. Simama nje ya urefu wa mkono wake, upande, si mbele yake. Mlevi msumbufu ni wa walinzi, usibishane naye. Mtoto akilia kwa hofu ya kweli, mgeuzie mgongo apite.

Kabla ya usiku wa kwanza, omba kupitia jumba zima taa zikiwa zinawaka, ujue kila mlango wa dharura. Mei 1984, jumba la Haunted Castle katika bustani ya burudani ya Six Flags Great Adventure, New Jersey, liliungua na vijana 8 wakafa humo, na baada yake masharti ya moto kwa majumba haya yakakazwa. Taa kuu zikiwashwa, uigizaji umekwisha hapohapo, unaongoza watu nje kwa sauti yako ya kawaida.

Kuhusu rangi za usoni, wapakaji wengi wamezoea ngozi nyeupe. Ile kijivu ya maiti kwetu huonekana kama vumbi tu. Omba weusi mzito kuzunguka macho na wekundu uliokolea. Gundi ya ngozi bandia usiibandue kwa kucha, ilainishe kwa kiondoa gundi chake, taratibu, hata kama ni saa saba usiku na basi la mwisho linakaribia.